Sita juu ya sita: macho mazima kwa kipimo kipi?

Mjomba wangu ni mvuvi wa Sahare, hapa Tanga. Alipopimwa macho alisoma chati hadi mstari wa herufi ndogo, akaandikiwa 6/6 kila jicho, akarudi nyumbani na furaha yake. Haikupita miezi mingi, jioni moja akiwa anarudi pwani, akaigonga ngalawa iliyotia nanga upande wake wa kushoto. "Mpwa wangu," akaniambia, "macho yangu mazima, nimepimwa. Hii ngalawa imetokea wapi?"

Ili kumjibu, inabidi kwanza kujua 6/6 inapima nini. Inapima ukali wa kuona, yaani udogo wa kitu ambacho jicho linaweza kukitambua likikitazama moja kwa moja. Namba ya juu ni umbali wako kutoka kwenye chati, kwa mita. Ya chini ni umbali ambao mtu mwenye uoni wa kawaida angeisoma herufi hiyohiyo. Ukiandikiwa 6/18, maana yake herufi ambayo mwenzako anaisoma akiwa mita 18, wewe mpaka usogee mita 6. Kwa hiyo 6/12 si "nusu ya macho", na inaniuma kumsikia mzazi akiambiwa hivyo kuhusu mwanawe.

Chati hiyo ilitungwa na Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1862, na herufi zake zimepigiwa hesabu. Ugawe uzi mmoja wa pembe, yaani digrii moja, mara 60: unene wa mstari wa herufi ya 6/6 unaingia jichoni kwa kipande kimoja tu, na herufi nzima kwa vipande vitano. Ukiwa mita 6, herufi hiyo ina kimo cha karibu milimita 9, na ile kubwa ya juu, ya 6/60, karibu sentimita 9. Asiyejua kusoma, au mtoto, hupewa chati ya E zilizogeuzwa huku na huku, akaonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. Kutokwenda shule hakumzuii mtu kupimwa.

Asiyefika mstari wa chini huwekewa kikinga macho chenye kitundu cha milimita moja hivi. Akisoma vizuri zaidi kupitia kitundu, basi mara nyingi tatizo ni la miwani. Asiposogea hata mstari mmoja, daktari atafikiria mambo mengine: mtoto wa jicho, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), au neva inayopeleka picha kwenye ubongo.

Sasa ngalawa. Haikuwa mbele ya mjomba, ilikuwa pembeni, na chati ya ukutani haiulizi habari za pembeni. Hilo ni eneo la kuona, kipimo kingine kabisa. Jicho moja likitazama mbele bila kuhama huona nyuzi 60 hivi upande wa pua na zaidi ya 90 upande wa sikio. Njia nyepesi ya kulipima haitaki mashine: daktari anakaa mkabala nawe, kila mmoja anafunika jicho moja, mnatazamana, kisha yeye analeta vidole taratibu kutoka pembeni na wewe unasema umeviona lini. Mashine hufanya kwa undani zaidi. Unaegemeza kidevu, unakaza jicho kwenye nukta moja ndani ya bakuli jeupe, na kila kitaa hafifu kikimeta unabonyeza kitufe. Inachosha, lakini vumilia, maana jicho likihamahama majibu yanaharibika. Na ni lazima kila jicho lipimwe peke yake, kwa sababu moja huficha pengo la mwenzake.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni upofu uoni wa jicho lililo bora ukiwa chini ya 3/60. Lakini pia huhesabu hivyo eneo la kuona likibanwa lisizidi nyuzi 10 kutoka katikati, hata kama mtu anasoma chati yote.

Vipo vipimo vingine. Rangi hupimwa kwa vitabu vya nukta vya Shinobu Ishihara wa Japani, vilivyotoka mwaka 1917: asiyetofautisha nyekundu na kijani haioni namba iliyojificha. Chati ya Pelli na Robson ya mwaka 1988 ina herufi zenye ukubwa uleule, ila kila tatu zinazofuata zimefifia zaidi. Hiyo ndiyo inayofanana na maisha yetu: baiskeli zilivyo nyingi Tanga, ukiwa barabarani magharibi imeingia, anayekuja na shati la kijivu bila taa si mdogo, amefifia. Mwenye mtoto wa jicho anayeanza anaweza kusoma herufi nyeusi vizuri na mtu huyo asimwone.

Mjomba alipopimwa eneo la kuona, karatasi ilitoka na weusi pembeni kwa macho yote mawili. Ni glaukoma, wengi huiita presha ya macho, inayokula neva kimyakimya na kuacha katikati mpaka mwisho. Kilichopotea hakirudi. Matone anayotia kila usiku ni ya kulinda kilichobaki, na msukani sasa anaushika mwanawe.