Nzi watatu wanatosha mto Ragati

Ukifungua kitabu cha uvuvi wa samaki aina ya trauti kilichoandikwa Uingereza, hukosi jedwali la miezi: Aprili mdudu huyu, Juni yule, Septemba mwingine. Anayeanza hulifuata jedwali hilo hadi dukani, akatoka na kisanduku kilichojaa nzi bandia, yaani ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu, wa kila rangi. Halafu anafika Mlima Kenya, ambako Juni ya namna hiyo haipo.

Sisi tuko ikweta. Maji ya mito ya hapa, Ragati, Thiba au Burguret, ni baridi mwaka mzima kwa sababu ya mwinuko, na wadudu huanguliwa kidogo kidogo mwezi wowote. Kinachobadilika ni mvua. Kwa hiyo ninaowaongoza mtoni huwaambia waache kalenda, watazame mambo mawili: rangi ya maji na tumbo la jiwe.

Anza na jiwe. Ingia mahali pa kina kifupi, inua jiwe la ukubwa wa ngumi ulipindue. Utaona vidudu bapa vya kahawia, vyenye mikia miwili au mitatu, vikikimbilia upande wenye kivuli. Hao ni tunutu, wadudu ambao bado hawajaota mabawa. Pembeni huenda ukakuta vijumba vya chembe za mchanga vilivyogandishwa jiweni, na buu ndani yake. Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake huko chini. Nzi wako wa kwanza basi awe wa kuzama: mdogo, kahawia, mwenye ushanga wa shaba kichwani. Mimi hutumia Pheasant Tail namba 14 (namba ikipanda, ndoano inapungua). Aliyembuni, Frank Sawyer, alikuwa mtunza mto Avon huko Uingereza, na alimfunga kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi ili azame upesi. Jedwali lao halitufai, ila nzi wao huyu anafanya kazi vizuri sana.

Wa pili ni wa kuelea, Adams au Elk Hair Caddis, namba 14 pia. Huyu ni wa miezi mikavu, Januari na Februari hasa, maji yanapokuwa machache na maangavu. Wa tatu ni Kenya Bug, mweusi, mwenye unyoya uliozungushwa mwilini, namba 10. Mvua ikinyesha juu mlimani na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa, samaki haoni vitu vidogo; kivuli cheusi anakiona. Mto ukigeuka tope kabisa, rudi nyumbani.

Mtu ataniuliza: watatu tu? Ndiyo. Maji ya mlimani ni safi lakini chakula ni haba, na trauti wetu wengi ni wadogo, wenye njaa. Si wenyeji hapa. Mlowezi Ewart Grogan ndiye aliyeleta trauti wa kahawia kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905. Wale wa upinde wa mvua wakafuata baadaye, na ndio utakaowapata zaidi upande wa Mlima Kenya. Samaki wa namna hii hana muda wa kukagua manyoya ya nzi wako. Anachokagua ni mwendo wake.

Hapo ndipo wanaoanza hushindwa. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, basi msogelee kwa nyuma, ukipanda mto polepole, na uvue mkia wa kidimbwi, mwisho wake wa chini, kabla ya kichwa chake; ukianza juu, wa chini watakimbia na kuwashtua wenzao. Tupa nzi mbele ya samaki, upande mkondo unakotoka, aje na maji kwa kasi ileile ya maji. Uzi ukilala kwenye mkondo wa kasi utamburuta, na utaona kimstari cha V nyuma yake. Samaki akiona hivyo haji. Dawa ni kusogea karibu, hata hatua tatu kutoka kwake ukiwa umechuchumaa, na kuinua ufito wa kuvulia ili uzi mwingi usiguse maji.

Kwenye vichaka vya Ragati hakuna nafasi ya kurusha uzi nyuma. Shika nzi kwenye kipindo cha ndoano, ncha yake ikitazama mbali na vidole, vuta mpaka ufito upinde, uelekeze, kisha achia. Unamrusha kama mshale. Ufito wa futi 7 unatosha, na uzi wa mwisho, ule unaofungwa kwenye nzi, uwe mwembamba.

Kwa nzi wa kuzama hutahisi mdonoo wowote. Tazama pale uzi unapoingia majini; uzi ukisita, inua mkono. Mara nyingi ni jiwe. Inua tu.

Nzi akipita vizuri mara kadhaa bila jibu, usibadilishe nzi. Sogea kwenye jiwe linalofuata. Badilisha nzi maji yakibadilika rangi.

Kabla ya hayo yote kata leseni, na ukivua ndani ya hifadhi ulizia askari wa kukusindikiza. Nyati hupenda mianzi ileile ya kando ya mto, na kelele za maji huwazuia kukusikia ukija. Piga makofi kila unapokata kona. Trauti hatajali, anachokisikia ni mtetemo wa viatu vyako ukingoni.