Kioo kinachoyeyuka mwilini ni nini?

Ni kioo halisi, kigumu na angavu, ila kimetengenezwa kwa madini yanayokubali kuliwa polepole na majimaji ya mwili mpaka kiishe chenyewe. Watafiti wa tiba wanakitaka kwa kazi moja hasa: kufikisha mwanga ndani ya mwili, kisha kitoweke bila mgonjwa kurudishwa chumba cha upasuaji. Waliowahi kushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe watalielewa wazo hili upesi.

Kwa nini mwanga uingizwe ndani? Washa tochi ya simu gizani, uifunike kwa kidole. Kidole kitawaka wekundu, kwa sababu damu hufyonza sehemu kubwa ya rangi nyingine. Mwanga unaopenya nyama vizuri zaidi uko takriban kati ya nanomita 650 na 1350 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), mwingi wake hauonekani kwa jicho, na hata huo hufifia ndani ya sentimita chache. Uvimbe uliojificha kooni au kwenye njia ya hewa hauwezi kumulikwa kutoka nje. Katika tiba ya saratani inayotumia porfimer sodium, mgonjwa hudungwa dawa hiyo kwanza, kisha uvimbe humulikwa kwa leza nyekundu ya nanomita 630 inayopitishwa kwenye uzi mwembamba wa kioo. Dawa ikipata mwanga huzalisha oksijeni kali inayoua seli.

Uzi huo kwa kawaida ni wa silika, madini ya silikoni na oksijeni yaliyomo mchangani, jamii moja na faiba ya intaneti. Silika hupitisha mwanga vizuri mno, lakini mwilini haiyeyuki. Kipande kikikatikia ndani, hapo ndipo kitakapokaa. Na kama uzi umeachwa kwa wiki kadhaa ili kufuatilia kidonda kinavyopona, lazima siku moja mtu auvute nje.

Hapo ndipo kioo cha fosfeti kinapoingia. Badala ya silikoni na oksijeni, mtandao wake umeshikwa na fosforasi na oksijeni, na viungo hivyo hukatwa na maji. Kinachotoka ni fosfeti, kalisi, sodiamu, pengine magnesiamu: vitu ambavyo mwili unavyo tayari, na mifupa yenyewe kwa sehemu kubwa ni kalisi na fosfeti. Ukiongeza kalisi, kioo huyeyuka taratibu. Ukiongeza sodiamu, huharakisha.

Wengi hukichanganya na kioo-hai cha mwanasayansi Larry Hench, alichokianzisha mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Hicho kina silika asilimia 45 kwa uzito, na sifa yake ni kushikana na mfupa. Hakikukusudiwa kubeba mwanga. Tena kikipashwa moto ili kivutwe kuwa uzi, huelekea kuganda kwa fuwele, na fuwele hutawanya mwanga.

Kwa nyuzi za mwanga, watafiti wa chuo kikuu cha Politecnico di Torino, Italia, wamevuta nyuzi za kalisi na fosfeti zenye tabaka mbili: kiini cha ndani, na ganda linalopinda mwanga kidogo kuliko kiini, ndilo linalouzuia mwanga usitoroke. Plastiki zinazoyeyuka mwilini nazo zipo, na ni laini zaidi, ila hupoteza mwanga haraka.

Changamoto yenyewe, kwa maoni yangu, iko kwenye ganda hilo. Ndilo linalokutana na maji kwanza. Likishaliwa, mwanga huanza kuvuja ingawa uzi bado upo. Kwa hiyo mtengenezaji anahesabu nyakati mbili: muda ambao uzi utafanya kazi, na muda, mrefu zaidi, ambao mabaki yake yatakaa mwilini. Kurefusha wa kwanza kwa kuongeza kalisi hurefusha na wa pili. Unyevu wa hewani nao ni maji, hivyo nyuzi hizi huhitaji kuhifadhiwa pakavu tangu zinapovutwa. Matumizi yake mengi bado yako maabara.