"Ndege Wapo" Si Jibu: Iliki Chini ya Miti na Ndege wa Msitu wa Mlimani

Malalamiko yanayotufikia kutoka vijiji vinavyopakana na misitu ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, yanafanana: "Sikukata mti hata mmoja. Nimefyeka chini tu, nikapanda iliki. Ndege wapo, wanaimba kutwa." Anayesema hivyo mara nyingi hadanganyi. Ila ndege anaowasikia si wale tunaowazungumzia.

Tazama msafara wa siafu katika msitu ambao haujafyekwa. Wadudu wanachomoka kwenye majani makavu kuwakimbia, na kwenye vijiti vya chini wamejipanga ndege wa rangi za kahawia na kijani iliyofifia, wanawadaka mmoja mmoja. Ndege hawa hutafuta riziki karibu na ardhi. Ukiondoa vichaka, mitambaazi na majani yanayooza, umewabomolea jiko na chumba kwa pamoja, hata kama mkuyu umeuacha umesimama. Nafasi yao huchukuliwa na njiwa, shomoro na chiriku, wasiochagua pa kuishi. Kelele zinaweza hata kuongezeka.

Halafu kuna hoja ya mabawa, ambayo kwa kweli imetuchosha: "Watahamia kwingine." Wengi wa ndege wa chini hawathubutu kuvuka uwazi; kipande cha msitu kilichozungukwa na chai kwao ni kifungo. Tena mlimani joto hupungua takribani nyuzi 0.6 kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo kila aina ina ukanda wake. Baadhi hushuka msimu wa baridi. Mteremko wa chini ukishakuwa shamba, washukie wapi?

Na miti nayo huumia. Mwaka 2003 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walionyesha, huko huko Usambara Mashariki, kwamba mti uitwao Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake husambazwa na ndege, hukosa wasambazaji katika vipande vidogo vya msitu. Mbegu nyingi hubaki chini ya mti mama.

Sasa utaratibu. Ndani ya hifadhi, Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali kwa kukata, kufyeka, kulima na kulisha mifugo. Kufyeka chini ya miti ni kufyeka. Ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti wa kitongoji si kibali, na karatasi isiyotoka kwa mamlaka inayosimamia hifadhi hiyo haikusaidii kitu. Ukikutwa huna, kuna faini, kifungo, au vyote viwili. Mazao na vifaa, panga likiwemo, vinaweza kutaifishwa. Nje ya hifadhi, anzia serikali ya kijiji kabla hujashika panga, na kumbuka kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: mita 60 kutoka ukingo wa mto usiziguse.

Wenye iliki tayari kwenye ardhi ya kijiji hatuwaambii wang'oe. Acheni mikanda ya vichaka isiyofyekwa, iungane na msitu, na mitambaazi yake msiikate.