Abhaya si ujasiri

Mara ya kwanza kusikia abhaya ikiitwa ujasiri, nilinyamaza. Ya pili nikatabasamu tu. Ya tatu ilikuwa kwenye semina ya vijana hapa Dar es Salaam. Mhamasishaji alitupia ukutani picha ya Shiva, mungu wa Wahindu, akicheza ndani ya duara la moto, akauonyesha ule mkono wa kulia ulioinuliwa, kiganja kikitazama mbele, akasema: "Hii inaitwa abhaya. Kwa Kihindi ni ujasiri. Moyo wa simba!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi niliyekaa nyuma nikatoa simu, nikaanza kuandika haya.

Kwanza, neno hilo ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Kihindi na Kigujarati wamelirithi, ndiyo maana unaweza kukutana na kijana anayeitwa Abhay, lakini hilo tumsamehe. Abhaya ni hali ya kutokuwa na hofu, na vilevile ni usalama anaopewa mtu ili asibaki na la kuogopa. Aliye na haraka aishie hapo.

Neno lenyewe ni vipande viwili. Bhaya ni hofu, na mzizi wake ndio uliozaa bhiru, yaani mwoga, na bhima, yaani wa kutisha, ambalo ndilo jina la yule ndugu mwenye nguvu katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India. Ile a- ya mwanzo ni ya kukanusha, ileile iliyomo katika ahimsa. Kwa hiyo abhaya ni "pasipo hofu". Halisemi kifuani mwako mna nini. Linasema nini hakipo.

Hapa ndipo ujasiri unapopotea njia. Jasiri ni mtu anayeogopa akasonga mbele hivyo hivyo, na hofu ikiondoka kabisa, ujasiri wake unakosa kazi. Kisanskriti chenyewe kina neno la ushujaa, shaurya, na Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, haichanganyi mambo haya. Shaurya imo katika sura ya 18, inapotajwa tabia ya mpiganaji. Abhaya imo mwanzo wa sura ya 16, ndiyo ya kwanza kabisa katika orodha ya sifa za kimungu, na ubeti unaofuata unataja daya, yaani huruma kwa viumbe. Simba simwoni katika orodha hiyo.

Kiswahili nacho kinatutega kwa ngeli. Ushujaa, ujasiri, ukakamavu: hizi u- zote zinatuambia kuna kitu mtu anacho, amekifuga ndani yake. Abhaya ingezaliwa Uswahilini, naamini ingekaa upande wa amani, dhamana na rehema, vitu ambavyo mtu hupewa na akaweza kumpa mwenzake. Na hasa amani. Asili yake ni Kiarabu, aman, na huko ilikuwa pia ahadi ya usalama anayopewa hata adui: umepewa aman, hakuna atakayekugusa. Sisi tumeipunguza ikabaki utulivu na mabango ya uchaguzi.

Sasa sarufi, na naomba mnivumilie kidogo. Sisi tunasema "naogopa nyoka", basi. Katika Kisanskriti hofu hutoka mahali: mtu ana hofu kutoka kwa nyoka. Kwa hiyo abhaya nayo ina pande mbili, anayepewa na kile anachokingwa nacho. Kwenye wingi, pande hizo mbili zinavaa kiambishi kimoja, -bhyah. Sarvabhutebhyah inaweza kuwa "kwa viumbe vyote" na inaweza kuwa "kutokana na viumbe vyote".

Si mchezo wa walimu wa lugha tu. Katika utenzi wa Ramayana, Vibhishana, mdogo wake Ravana, mfalme aliye adui wa shujaa Rama, anamkimbia kaka yake, anavuka bahari na kufika kwenye kambi ya Rama kuomba hifadhi. Sugriva, mshirika wa Rama, anasema huyu ni jasusi, auawe. Ukimsikiliza Sugriva kwa jicho la kijeshi, ana hoja. Rama anakataa, na kiapo chake ndicho Wahindu wengi wamekishika kwa moyo: anayenijia hata mara moja tu, akasema "mimi ni wako", nampa abhaya, sarvabhutebhyah, na hii ndiyo nadhiri yangu. Anamkinga na viumbe vyote, au anavipa viumbe vyote kinga? Kiambishi kinaruhusu yote mawili, nami sioni sababu ya kukichagulia upande mmoja.

Tazama nani anapewa. Vibhishana hakushinda mtihani wowote wa moyo. Alikuwa mkimbizi anayening'inia angani juu ya kambi ya maadui, na maisha yake yote yalitegemea neno la mtu mwingine. Kumwambia "kuwa jasiri" pale kungekuwa kejeli.

Kuna pia mwendo wa kinyume, ambapo binadamu ndiye mtoaji. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, katika sura ya 6, zinamzungumzia anayeaga nyumba yake na kuwa mtawa baada ya kuvipa viumbe vyote abhaya. Hapati nguvu za kutomwogopa chui. Anachofanya ni kuhakikisha kwamba hata sisimizi hana sababu ya kumwogopa yeye. Gita, katika sura ya 12 inayohusu bhakti, yaani ibada ya upendo, inamtaja mja ambaye dunia haifadhaiki kwa sababu yake, wala yeye hafadhaiki kwa sababu ya dunia. Beti mbili kabla ya hapo, mja huyohuyo ameitwa rafiki wa wote na mwenye huruma. Hutakuwa na la kwanza bila la pili.

Na kama kuna sehemu moja ningependa yule mhamasishaji aisome, ni kisa cha mtoto Prahlada katika Bhagavata Purana, kitabu cha visa vya mungu Vishnu. Baba yake, mfalme Hiranyakashipu, amejaribu kumuua kwa kila njia kwa sababu anamwabudu Vishnu. Vishnu anatoka ndani ya nguzo, nusu mtu nusu simba, anamrarua mfalme, na ghadhabu yake haitulii. Miungu inaogopa kumkaribia. Mtoto anakwenda, anaanguka miguuni pake. Ubeti unasema Narasimha, ndiye huyo Vishnu nusu simba, alijawa na huruma, akamwinua, akamwekea kichwani ule mkono unaowapa abhaya watu waliotishwa na nyoka aitwaye Wakati. Huruma na abhaya katika ubeti mmoja! (Kumbe simba yupo, ila yuko upande wa kutoa.) Na Prahlada, akishapewa usalama huo, anasema hajihofii tena nafsi yake, anawasikitikia wengine, wala hataki kuokoka peke yake na kuwaacha wanyonge hawa.

Turudi kwenye mkono. Katika sanamu za Shiva mchezaji, zile za shaba za Watamil wa zama za wafalme wa Chola, mkono mmoja umeshika ngoma, mwingine moto. Ulioinuliwa kiganja mbele ni wa mtazamaji: umeona moto, umeona ngoma, sasa tulia. Kwa Kali, mungu wa kike, ni wazi zaidi. Kushoto ana upanga na kichwa kilichokatwa, shingoni mafuvu, na kulia, mkono uleule wa abhaya, na mwingine wa kukirimu. Anayetisha kuliko wote ndiye anayekwambia usiogope. Kusema kwamba Kali anakuonyesha jinsi yeye alivyo jasiri ni kuichosha picha bure.

Nimesikia pia kwamba mkono ule unasalimia, na kwamba unasema "simama hapo" kama wa trafiki. Si kosa kubwa, kiganja ni kiganja. Ila ndugu yangu wa semina, usiifute ile picha, ni nzuri sana. Badilisha maneno ya chini yake tu. Andika lile tunalomwambia mgeni anayesitasita mlangoni kwa sababu kasikia mbwa anabweka uani: toa hofu.