Weupe wa hita hausemi umri wake

Wapangaji wengi Dodoma wakiona hita ya maji bafuni ni nyeupe na inang'aa, huamini bado mpya. Lile ganda ni koti tu, na kulipiga rangi ni kazi ya dakika chache. Tangi la chuma limo ndani, limezungushiwa povu la kutunza joto, na ndilo linalooza.

Umri usome kwenye kibandiko, aghalabu chini au ubavuni. Tarehe isipoandikwa wazi, tazama namba ya mfululizo: kwa baadhi ya watengenezaji, 1832 mwanzoni ni wiki ya 32 ya mwaka 2018. Wengine hutumia herufi, kwa hiyo usikisie.

Hata hivyo, mwaka hautoshi. Maji ya visima yakiwa na chokaa, ukoko huganda kwenye koili, hita ikaanza kuunguruma kama sufuria ya maharage. Tena ndani kuna fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya tangi. Fundi azime umeme kwenye swichi kuu, afunge maji, amwage yaliyomo, ndipo aichomoe fimbo hiyo. Ikibaki waya mtupu, tangi limekosa kinga, hata kama hita ina miaka minne tu.