Anasikia Lakini Hasikii: Dhana Potofu Kuhusu Imani na Utii

Mama anaita mara tatu. Mtoto anaitika mara tatu, "Abee mama, nasikia," na mpira unaendelea uwanjani. Jirani akiuliza kulikoni, mama anajibu: "Huyu mtoto hasikii." Hakuna atakayemshauri ampeleke kwa daktari wa masikio. Kwetu kusikia na kutii ni neno moja, na asiyesikia la mkuu tunajua guu lake linaishia wapi.

Waebrania walikuwa na mazoea hayohayo. Kitenzi kinachofungua "Sikiza, Ee Israeli" katika Kumbukumbu la Torati 6:4 ndicho wanachokitumia pia kwa kutii. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, neno la kutii limechongwa kutoka kwenye neno la kusikia. Ndiyo maana katika Warumi 10 Paulo anasema kwenye mstari wa 16 kwamba si wote walioitii ile habari, kisha kwenye wa 17 kwamba imani chanzo chake ni kusikia, wala haoni kama ameruka kutoka mada moja hadi nyingine. Sisi ndio tuliokata katikati: imani tukaipa Jumapili, utii tukawaachia watoto.

Nimefundisha darasa la kipaimara kwa miaka kadhaa. Haya yafuatayo nimeyasikia mara nyingi, na zaidi kutoka kwa wazazi kuliko kwa watoto wao.

Dhana: "Mungu anaangalia moyo"

Husemwa pale mtu anapoulizwa kuhusu jambo alilolifanya kwa mikono. Maneno yenyewe ni ya kweli, yapo 1 Samweli 16:7. Samweli alikuwa amevutiwa na umbo na kimo cha Eliabu, akaambiwa mwanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo. Onyo lilikuwa kwa anayehukumu kwa macho. Halikutolewa kama kinga ya anayetenda kinyume cha alivyoagizwa.

Tena anayeutumia mstari huo hivyo arudi nyuma ukurasa mmoja tu. Sura ya 15 inamhusu Sauli, mfalme aliyetumwa kuwaangamiza Waamaleki pamoja na mifugo yao. (Amri hiyo ni nzito na inawasumbua wasomaji mpaka leo, nami nikiwamo, hapa naangalia alichokifanya Sauli nayo.) Alimwacha hai mfalme Agagi, akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, kisha akampokea nabii kwa uso mkunjufu: nimeitimiza amri ya Bwana. Samweli akamuuliza, kama ni hivyo, mbona nasikia kondoo wanalia? Sauli akajieleza kwamba wale ni wa sadaka. Hapo ndipo palipotoka neno "kutii ni bora kuliko dhabihu". Yaani aliyesema nia yake ilikuwa njema aliumbuliwa na mifugo, na ni baada ya kukataliwa yeye ndipo Samweli alipotumwa kwa Yese kutafuta mwenye moyo. Sura hizo mbili zimefuatana, ila tumezoea kuichuma ya pili peke yake.

Dhana: "Tumeokolewa kwa neema, kwa hiyo utii ni wa wanaojihesabia haki"

Waefeso 2:8-9 wengi wanaijua kwa kichwa: mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Wanaojua kinachofuata ni wachache. Mstari wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema", ambayo Mungu aliyatengeneza tokea awali ili tuenende nayo. Paulo hakuweka nukta tunapoiweka sisi.

Darasani huwa nauliza hivi. Mtoto wa nyumba hii akitumwa dukani akaenda, je, ameenda ili awe mtoto wa nyumba hii? Wanacheka. Alikuwa mtoto kabla ya kutumwa, na asipokwenda bado ni mtoto. Lakini akikaa mwaka mzima hatumiki, hata kikombe cha maji hampelekei babake, halafu kila jioni anatangaza mbele ya wageni jinsi anavyompenda, hapo hata mgeni ataanza kujiuliza. Hiyo ndiyo maana ya utii kuwa ishara. Ishara inaonyesha kitu kilichopo, haikinunui.

Dhana: "Yakobo anampinga Paulo, na Luther alimkataa Yakobo"

Hii nitakaa nayo kidogo, kwa sababu ina ukweli nusu. Paulo anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo, Yakobo anasema imani bila matendo imekufa.

Ni kweli kwamba katika dibaji ya Agano Jipya aliyoitoa mwaka 1522, Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu ukilinganishwa na nyaraka za Paulo. Ila kauli hiyo haikurudiwa katika matoleo yake ya baadaye ya Biblia nzima, na waraka wenyewe hakuuondoa katika Biblia. Mwaka huohuo wa 1522, katika dibaji ya Warumi, aliandika kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli nyingi, kisichoweza kuacha kutenda mema. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri wa Tanzania wanalikiri mpaka leo, lina kifungu kizima cha 6 kuhusu utii mpya: kwamba imani hii lazima izae matunda mema, bila mtu kuyategemea matunda hayo ili ahesabiwe haki.

Sasa waandishi wenyewe. Wote wawili wanamtaja Ibrahimu, lakini hawamtazami siku moja. Paulo katika Warumi 4 anashika Mwanzo 15, mzee asiye na mtoto anayeonyeshwa nyota na kuamini. Yakobo anashika Mwanzo 22, mzee yuleyule miaka mingi baadaye, akipanda mlima na Isaka. Paulo anajibu swali la mtu anayetaka kujua aingie vipi. Yakobo anajibu mtu anayedai ameshaingia. Wala Yakobo hazungumzii matendo ya kutafuta wokovu. Mfano wake ni wa ndugu asiye na nguo wala riziki ya siku, anayeambiwa "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" na mtu ambaye hampi kitu. Baada ya hapo anapiga nyundo: mashetani nao huamini, na kutetemeka.

Hapa Kiswahili chetu kinamuunga mkono kwa namna ninayoipenda. Mwanamke anayempiga mtoto wa kambo usiku tunasema "hana imani". Hatuna maana kwamba haamini Mungu. Huenda hakosi ibada. Tuna maana kwamba hana huruma. Neno limebeba mambo mawili, na Yakobo angelielewa upesi.

Ugomvi wenyewe wa imani na matendo, ambao ulipasua kanisa la Magharibi, ulipata tamko la pamoja la Wakatoliki na Walutheri lililotiwa saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999: tunapokelewa kwa neema tu, na neema hiyo hutupa nguvu na wito wa kutenda mema.

Dhana: "Mtiifu ni yule anayeshika taratibu za kanisa"

Kijijini kwetu palikuwa na mzee wa kanisa aliyekuwa mnunuzi wa mahindi. Mlangoni mwa kanisa alikuwa mkali: mwanamke asiye na kitambaa kichwani hakupita, na aliyechelewa alikaa nje mpaka baada ya somo. Ghalani alikuwa na madebe mawili. La kununulia lilikuwa limegongwagongwa kwa ndani, kitako kimetoka nje kama tumbo. La kuuzia kitako kilikuwa kimebonyea kwenda ndani. Bibi yangu alipima mahindi yake nyumbani kwa debe lake, yakawa sita. Kwa mzee yakawa matano na kitu kidogo ambacho hakikulipiwa. Bibi hakugombana naye. Alikunja gunia akasema, "Debe lake halijaokoka."

Yesu aliwaona watu wa aina hiyo. Katika Mathayo 23:23 anawataja wanaotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, viungo vya kupima kwa vidole, huku wameacha adili, rehema na imani. Hakusema zaka ni mbaya. Alisema hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache. Na Mithali 11:1 inaiita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana, lugha ambayo wengi wetu tumeiweka akiba kwa dhambi za jirani.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, ulifahamika kwa nyimbo na kwa watu kuungama hadharani. Lakini majirani wasiosali waliutambua kwa jambo jingine: watu walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Zakayo alikuwa amewatangulia, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Yesu alitamka kwamba wokovu umefika nyumba ile baada ya kusikia hesabu hiyo.

Dhana: "Kumtii mtumishi wa Mungu ni kumtii Mungu"

Hii imeua watu, tusiizungukezunguke. Tarehe 17 Machi 2000, Kanungu, Uganda, mamia waliteketea ndani ya jengo la kundi lililojiita kwa jina la Amri Kumi za Mungu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo, ya watu walioaminishwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Huwezi kusema walipungukiwa na utii.

Waebrania 13:17 inasema watiini wenye kuwaongoza, na inaongeza kwamba viongozi hao watatoa hesabu. Waberoya katika Matendo 17 walimsikiliza Paulo, kisha wakachunguza maandiko kila siku kuona kama aliyoyasema ndivyo yalivyo. Wanasifiwa kwa hilo. Petro naye mbele ya baraza alisema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Vijana Wakristo wa ikulu ya Buganda waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga walikuwa watumishi, kazi yao ilikuwa kutii. Wanakumbukwa kwa mahali walipokataa.

Dhana: "Ukitii, mambo yatanyooka"

Someni Waebrania 11 mpaka mwisho. Wengine walifunga vinywa vya simba, wengine walikatwa kwa misumeno, na wote wameorodheshwa kwa imani ileile.

Dhana: "Aliyeanguka hakuwa na imani"

Hii ndiyo inayowaumiza wanyofu, wale ambao tayari wanajichunguza usiku. Yohana, aliyeandika kwamba anayesema amemjua Mungu bila kuzishika amri zake ni mwongo, katika waraka huohuo ameandika pia kwamba tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe. Mistari hiyo imetengana kwa hatua chache tu.

Injili ya Yohana inataja moto wa makaa mara mbili. Mara ya kwanza ni uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota moto huku akimkana bwana wake. Mara ya pili ni ufukweni alfajiri, samaki wakiwa juu yake na mkate pembeni. Harufu ya makaa yenyewe ilitosha kumkumbusha. Yesu hakumuuliza amejuta kiasi gani wala hakumtaka aahidi kwamba halitarudiwa. Alimuuliza kama anampenda, na kila Petro alipojibu ndiyo, alipewa kazi: lisha kondoo zangu.