Kurudisha mng'ao wa rimu za alumini: kazi kubwa iko kwenye msasa

Wengi wanaoniletea rimu za alumini zilizopauka huwa wameshamaliza makopo mawili matatu ya polishi. Wamesugua mpaka mikono imekufa ganzi, rimu ikang'aa kidogo jioni ile, na baada ya wiki ikarudi kuwa ya kijivu. Polishi haina kosa. Imepakwa juu ya mikwaruzo na vishimo ambavyo haikutengenezwa kuviondoa, au imepakwa juu ya klia, ile rangi ya kinga inayoonyesha kilicho chini yake, ambako haiifikii alumini hata kidogo.

Ndiyo maana kabla ya kushika kifaa chochote najiuliza kwanza nina uso gani mbele yangu. Rimu inayoitwa ya alumini inaweza kuwa alumini tupu iliyong'arishwa, inaweza kuwa imepigwa klia, imepakwa kromu, au imepitishwa kwenye umeme na asidi kiwandani mpaka utando wake ukanenepa. Kujua ni rahisi. Tia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe kisafi, usugue mahali pasipoonekana, upande wa ndani. Kitambaa kikigeuka cheusi ndani ya muda mfupi, hiyo ni alumini tupu, na weusi ule ni chembe za alumini yenyewe zinazotoka. Kisipogeuka, kuna kitu juu yake. Kromu na ule utando wa kiwandani usiziguse kwa msasa, utaziharibu moja kwa moja. Klia ikiwa nzima, iheshimu kama rangi ya bodi: osha, paka nta, basi.

Klia iliyopasuka ni habari nyingine. Jiwe dogo likiibandua mahali pamoja, unyevu hupenya na kutambaa chini yake, na utaona vistari vyeupe vinavyopindapinda kutoka kwenye lile jeraha. Hakuna polishi inayovifikia kutoka juu. Klia yote inabidi itoke, kwa kiondoa rangi ambacho maelezo yake yanasema wazi kwamba kinafaa kwa alumini, na ndipo kazi ianze.

Kwa nini alumini hupauka, wakati haishiki kutu nyekundu? Ikiguswa na hewa tu hujifunika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache, na utando huo ndio kinga yake. Unadumu vizuri pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au magadi, ikiwa takriban kati ya 4 na 9. Nje ya hapo, upande wa asidi au upande wa magadi makali, unayeyuka na alumini inaanza kuliwa. Chumvi nayo ina njia yake: inaupenya utando mahali padogo na kuchimba kishimo. Vumbi la breki huzidisha mambo, kwa sababu ndani yake mna chembe za chuma. Chuma na alumini zikikutana kwenye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao, na anayeliwa ni alumini. Rimu za mbele ndizo huchafuka zaidi kwa kawaida, kwa kuwa breki za mbele hubeba kazi kubwa.

Sasa msasa. Naifungua rimu kutoka kwenye gari, na kama naweza, naitoa na tairi. Naiosha, naikausha, kisha naichunguza chini ya taa inayomulika kwa ubavu. Hapo ndipo naamua nianzie msasa wa namba ngapi; namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi. Rimu iliyofifia tu bila vishimo naanza na 800 au hata 1000. Yenye vishimo vinavyonasa ukucha naanza na 320 au 400. Kuanzia na msasa mkali kuliko inavyohitajika ni kujiongezea kazi na kupoteza alumini ambayo hairudi.

Kuanzia 400 kwenda juu natumia msasa wa maji, na matone ya sabuni ya vyombo kwenye ndoo ili ute wa alumini usizibe msasa. Jambo moja ndilo linalotenganisha kazi nzuri na mbaya: kila ukibadilisha namba, badilisha mwelekeo wa mkono. Kama 400 ulisugua kwa kuzunguka na rimu, 600 sugua kwa kukata mistari ile. Mikwaruzo ya namba iliyotangulia itaonekana wazi, imelala upande mwingine, na hutakiwi kuendelea mpaka ule wa mwisho umetoka. Kisha 800, 1000, 1500, 2000, kwa utaratibu uleule, ukisuuza rimu na kubadilisha maji kila hatua, kwa sababu punje moja ya 400 iliyobaki kwenye ndoo itachora mstari utakaouona mpaka mwisho. Watu huruka namba ili wamalize mapema. Mkwaruzo wa 400 ukifichwa chini ya polishi haupotei. Utaibuka mara tu gari likisimama juani.

Ukimaliza 2000 rimu itakuwa na mng'ao laini wa kijivu, bado si kioo. Hapo sasa naleta mashine yenye gurudumu la kitambaa na kipande cha polishi ngumu ya kahawia, ile iitwayo tripoli, halafu gurudumu jingine safi na polishi nyeupe iliyo laini zaidi. Magurudumu hayo hayachangiwi. La kahawia likigusa nyeupe, nyeupe imeharibika. Usikandamize, uache mzunguko ufanye kazi, na mashine isogee muda wote. Kwenye kingo za spoki elekeza mzunguko utoke nje ya kingo, usiingie ndani, la sivyo gurudumu litanasa na mashine itakuruka mikononi.

Baada ya mashine rimu hubaki na utando mweusi wenye mafuta, na ukiupangusa kwa kitambaa kikavu unasambaa tu na kuacha michirizi. Dawa yake ni unga mkavu, wa ngano au wanga wa mahindi. Nyunyiza, kisha futa kwa kitambaa laini kwa mkono mwepesi. Unga hunywa yale mafuta na kuondoka na weusi wote, na chini yake ndipo utajiona uso. Wang'arishaji wa magurudumu ya malori wamefanya hivi kwa miaka mingi, na sijaona kitu cha dukani kinachoushinda.

Neno kuhusu aina ya rimu yenyewe, maana wengine hudhani fundi amezembea. Rimu iliyofuliwa, yaani iliyoundwa kwa kugandamizwa, kama nyingi za malori za alumini ya aina ya 6061, hukubali mng'ao wa kioo. Rimu ya kumimina, yaani ya alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, huwa na silikoni nyingi, kiasi cha asilimia 7 kwenye aloi ya kawaida ya A356, na vitundu vidogo vya hewa ndani yake. Ukizidi kuisugua unafunua vitundu vipya. Ikifika mahali pa kupendeza, simama hapo.

Siku hiyohiyo, kabla oksidi haijapata muda, paka kinga. Nta ya kanauba inapendeza lakini huyeyuka karibu na nyuzi joto 82 hadi 86 za Selsiasi, na breki zikifanya kazi ngumu joto hupanda kwenye rimu. Mimi hupendelea kinga ya sintetiki iliyotengenezwa kwa rimu. Matone ya maji yakiacha kujikusanya na kuanza kutandaa, ni wakati wa kupaka tena.

Kuhusu kuosha nasema kwa uchungu, kwa kuwa rimu nyingi nilizozirudisha hazikuharibiwa na barabara, ziliharibiwa na sabuni. Kostiki soda, dawa za kusafishia oveni, na dawa kali za kuondoa grisi huila alumini tupu mbele ya macho yako na kuiacha na mabaka. Dawa za rimu zenye asidi ya hidrofloriki ni mbaya zaidi: zinaweza kugusa ngozi bila maumivu mwanzoni, huku sumu ikipenya mpaka mfupani. Sizikaribishi kwenye karakana yangu. Osha rimu ikiwa imepoa, kwa sabuni isiyo kali, kwa ndoo na sponji zisizotumika kwenye bodi, kisha ikaushe. Pamba ya chuma usiitumie. Huacha vipande vinavyoshika kutu ndani ya alumini.

Vaa barakoa, miwani na glavu. Vumbi kavu la alumini huwaka, na likichanganyika na vumbi la kutu kisha cheche ikadondoka, moto wake ni mkali mno. Grinda yangu ya chuma haigusi alumini. Na kamwe usisugue rimu ikiwa imefungwa kwenye gari huku injini ikiizungusha.

Usipitishe msasa wala polishi kwenye uso unaokaa juu ya habu, kitovu cha gari ambapo rimu hufungwa, mahali nati zinapokaa, wala ukingo ambao tairi hushikilia hewa. Ukikuta ufa wakati unasugua, hata wa unywele, rimu hiyo haina safari tena. Nta iliyopotelea kwenye vikalio vya nati ifute yote, kwa sababu utelezi hudanganya spana ya kipimo na nati hukazwa kupita kiasi. Kaza kwa kurukia upande wa pili, kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari, kisha zikague tena baada ya kilomita 80 hadi 100.